Mwaka wa Piri

Maalim Mahmoud hakuweza kusikia Kiswahili kikivunjwa akanyamaza. Wenzake huwashwa na upupu, yeye aliwashwa na herufi. Na kwa mtu wa namna hiyo kuishi Kampala ni mtihani, kwa sababu huku Kiswahili wengi wamekiokota kwa askari, kwa Wakongo wa sokoni na kwa makondakta wa mabasi ya Nairobi, kila mtu na kipande chake, na wenyeji wakishapitisha ulimi wa Kiganda juu yake, l na r hubadilishana viti bila kuaga. Muuza duka akisema "sukali", Maalim alisema "sukari" kabla hajatoa pesa. Askari wa barabarani alimsimamisha siku moja amwombe "balua ya gari", naye akamsomesha pale pale, juani, huku magari yanapiga honi nyuma yao. Faini alilipa, lakini alirudi nyumbani ameridhika.

Tusimwonee. Kiswahili kilikuwa urithi wake. Babu yake mzaa baba alitoka Bagamoyo na mizigo ya nguo, akafika Kampala, akaoa, akazikwa huku, na aliacha vitu vitatu: duka, nyumba ya matofali kwenye mlima wa Old Kampala, na lugha. Duka lilikuwa limegawanywa mara mbili baina ya ndugu, likabaki upenyo wa kuuzia kanzu, kofia na misahafu. Nyumba ilikuwa na ufa unaopita chumba hadi chumba. Lugha ndiyo pekee iliyobaki nzima, na Maalim aliishika kwa mikono miwili. Kila Alhamisi baada ya swala ya Alasiri alisomesha darsa katika chuo kidogo nyuma ya duka, na watu walikuja, maana alijua anachosema na alikisema vizuri. Sifa hiyo aliipenda, na nani asingeipenda?

Mama yake, Bi Salme, hakuwa wa Bagamoyo. Alizaliwa Katwe, binti wa fundi masufuria, Mganda na Mwislamu, akaolewa mlimani akiwa msichana. Mtaani walimwita Jjajja Salme, yaani bibi, na alikuwa mtu wa maneno machache, hasa wageni wa mwanawe wakiwa sebuleni. Alikuwa na haja moja tu duniani, na aliitaja mara moja kwa mwaka, Ramadhani ikiisha: kuiona Makka kabla macho hayajazimika. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza.

Kadi ya benki iliingia hapo.

Benki ilimpigia Maalim mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu akapokea. Alikuwa msichana aliyejiita Nabukeera, mwenye sauti changamfu, akieleza kwamba kuna kadi mpya ya mkopo, imefungamana na shirika la ndege: kila ukinunua kitu unahesabiwa maili, na maili zikijaa unapewa tiketi. Maalim alikuwa akiagiza kanzu na kofia Dubai miezi yote. Akapiga hesabu ya haraka kichwani, akaona ndege, akamwona mama yake amekaa dirishani. Akauliza maswali, akajibiwa, akakubali.

Kadi ikaja ndani ya bahasha nzuri, ikiwa na picha ya bawa la ndege. Maalim akaitumia kwa mizigo yote ya duka, na kila mwisho wa mwezi alilipa alichokopa, hadi senti ya mwisho, maana deni lilimkosesha usingizi. Ndipo Alhamisi moja kwenye darsa akasimama Asuman, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mpole anayeuliza swali huku amekunja mikono kama mtoto wa shule.

"Maalim, samahani. Hizi kadi za benki si zina riba?"

"Nyingine zina. Hii haina," Maalim alijibu. "Nimeuliza kwa mdomo wangu, na nimejibiwa kwa sikio langu. Riba hakuna."

Aliposema hivyo hakuwa na shaka hata chembe. Asuman akachukua kadi wiki ile ile, na wengine wanne wakamfuata. Kinywa cha Maalim kilikuwa kimesema, nani atakwenda kusoma maandishi madogo ya benki?

Maili zilijaa kabla mwaka haujaisha. Maalim akaiweka kadi kwenye kabati, akaacha kuitumia, akasubiri msimu ambao joto la Makka hupungua na kundi la kina mama wa msikitini husafiri kwa Umra. Miezi ikapita. Akalipia viza na hoteli kwa pesa taslimu, zote alizokuwa nazo. Tiketi aliiacha ya mwisho, kwa kuwa tiketi ipo, iko kwenye kadi, haina miguu ya kukimbilia.

Bi Salme akaanza kuaga. Anayekwenda Makka haondoki hivi hivi. Huzunguka kwa jirani na jamaa, akaomba radhi kwa kila mtu aliyewahi kumkosea, kwa kujua na kwa kutojua, ili afike kule hana mzigo wa mtu. Mama alizunguka siku tatu na fimbo yake. Alikwenda kwa Mhindi wa duka la vitambaa. Alikwenda kwa mawifi zake, ambao ni kazi zaidi. Alikwenda hata kwa Akullo, muuza mkaa, mtu wa kabila la Lango aliyehamia mtaani kutoka Lira, ambaye hawakuwa wamesalimiana miaka sita kwa ajili ya gunia moja lililokuwa na mawe chini. Akullo alilia, akafuta machozi kwa mkono wenye masizi, akaacha uso mzima mweusi, nao wakacheka wote wawili. Watu wakampa majina ya kuombewa, Waislamu na Wakristo, na mjukuu wake Sundus akayaandika kwenye daftari. Hata mwanawe hakumruka. Alimwita chumbani, akamwambia, "Mahmoud, naomba ladhi," naye akajibu, "Radhi, Mama. Nimekusamehe, na wewe unisamehe," akatoka haraka kwenda dukani.

Zilipobaki siku tisa, Maalim akapiga simu kuichukua tiketi.

Hapo ndipo mtu hujua benki ilivyo. Siku ya kuuza kadi walimtafuta mara tatu. Sasa alipewa muziki. Akaambiwa abonyeze moja, kisha nne, kisha asubiri, kwani simu yake ni ya muhimu sana. Ilikuwa ya muhimu kwa dakika arobaini, ikakatika. Akapiga shirika la ndege, wakamwambia maili ni mambo ya benki. Akapiga benki, wakamwambia tiketi ni mambo ya shirika la ndege. Siku ya pili mtu mmoja akakubali kuangalia, akasema kadi imefungwa na maili zimefutwa, mengine aulize tawini. Kisha simu ikaleta ujumbe: tafadhali tupe alama, moja hadi tano, kwa huduma uliyopata leo.

Maalim akavaa kanzu iliyopigwa pasi. Akampitia Asuman, ambaye naye alikuwa amekatwa pesa asizozielewa, wakateremka mjini.

Tawini waliketishwa kwa Travis Nyongesa, Mkenya wa Bungoma, kijana wa tai na kikohozi, aliyewasalimu kwa heshima na kutazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, nimeona. Hii ni ada ya mwaka. Mwaka wa kwanza benki ilikusamehe. Wa pili ikakatwa, mwezi wa pili. Haukulipa, kwa hivyo ikaanza kuzaa."

"Kuzaa nini?"

"Riba, mzee. Halafu faini ya kuchelewa, nayo ikazaa. Ikifika miezi sita kadi inajifunga na maili zinapotea. Hiyo ni mitambo, sio mtu."

Neno riba lilimchoma Maalim mbele ya Asuman, na badala ya kuinama akasimama. Sauti ya darsa ikamtoka, ile ya kufika hadi safu ya mwisho. Akasema amedhulumiwa. Akasema aliuliza kuhusu riba kwa Kiswahili ambacho hata jiwe lingekielewa, na akahakikishiwa haipo. Akauliza ni benki gani inayomkata mtu pesa kimya kimya, asipigiwe hata simu moja. Watu kwenye foleni wakageuka. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kukubali. Na niseme ukweli, hasira ya Maalim ilikuwa na utamu ndani yake, maana aliona wanamsikiliza.

"Tulituma barua pepe, mzee. Kila mwezi," Travis alisema. "Na barua moja ya karatasi, nyumbani."

"Hakuna barua iliyofika kwangu! Na ninyi si mnasema simu zote zinarekodiwa? Basi rekodi ipo. Ilete. Icheze hapa, huyu ndugu yangu asikie nilivyoambiwa."

Travis akasema rekodi huombwa kwa fomu, na jibu hutoka baada ya siku kumi na nne za kazi. Maalim akaketi, akasema atazisubiri hapo hapo kitini. Saa moja na nusu baadaye, ama kwa huruma ama kwa kuchoka kumtazama, Travis akapanda juu, akarudi na kompyuta ndogo. Kisikizio cha masikioni hakikuwapo, kilikuwa kimeharibika tangu Krismasi. Akaiweka mezani, akafungulia sauti.

Ilianza kwa salamu. Kisha sauti ya Maalim mwenyewe, safi, yenye kujisikia kidogo: "Sasa binti, nieleze. Hiyo kadi ina riba?"

"Liba?" Msichana alisita. "Ah, lipa! Hapana lipa, ssebo, bwana wangu. Mwaka ya kwanza hapana lipa kitu. Lakini mwaka ya piri..."

"Ya nini?"

"Mwaka ya piri, ssebo, inakuwa..."

Hapo kicheko kikajaa mezani, kicheko cha Maalim, kirefu. "Piri! Binti yangu, piri ni nyoka! Kwetu pwani piri akikuuma hufiki hospitali. Sema pili."

"Piri."

"Pi-li. Weka ulimi juu, karibu na meno."

"Pili."

"Ahaa! Umeona? Sasa umesema Kiswahili. Mwaka wa kwanza hakuna kulipa. Wa, si ya. Rudia."

"Mwaka wa kwanza hakuna kulipa."

"Barakallah. Hivyo ndivyo. Haya, niandikie hiyo kadi."

"Kale, sawa, ssebo, lakini hiyo mwaka ya..."

"Niandikie, binti, nina wateja. Jina ni Mahmoud, kwa h na m mbili."

Travis akafunga kompyuta polepole. Kwenye foleni mwanamke mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Yule mzee aliyetikisa kichwa sasa alikuwa akisoma tangazo ukutani.

Maalim aliona uso wake unawaka hadi masikio. Nyani haoni kundule, husema watu, na yeye alikuwa ameonyeshwa la kwake kwa sauti ya juu, mbele ya foleni. Msichana hakumdanganya. Alisikia riba akadhani lipa, kosa la ulimi na sikio, kosa la kila siku mjini. Lakini yeye? Yeye aliyekaa miaka hamsini na nane kati ya watu wanaobadilisha l na r, aliyejua kila neno linapoteleza na linapoangukia, alijua wazi kwamba hakujibiwa swali lake. Alilirudia jibu la msichana kwa mdomo wake, akalisahihisha upatanisho, na neno kulipa alilitamka kulipa, si riba. Kisha akaenda kuwaambia watu riba. Baina ya simu ile na darsa lile, neno moja lilibadilika likawa lingine ndani ya kichwa chake, kwa kuwa aliitaka ile tiketi. Na msichana alipotaka kumwambia la mwaka wa pili, alikuwa akimfundisha mahali pa kuweka ulimi.

"Kusema ukweli, mzee," Travis alisema kwa sauti ya chini, "yule dada angekupigia tena. Hiyo ni makosa yetu pia. Lakini maili zikifutwa, zimefutwa. Ninachoweza, naona duka lako liko na historia nzuri. Lipa hii ya nyuma, tufungue kadi, ununue tiketi ya mama kwa mkopo, ulipe pole pole. Leo hii anaweza kupata kiti."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mama angeondoka na wenzake. Hakuna mtu angejua, isipokuwa watu watatu mezani pale. Maalim hakukataa. Alikuwa akifikiri. Alifikiri muda mrefu kupita inavyomstahili mtu aliyesomesha sura ya riba miaka ishirini, na Asuman alimwona akifikiri.

"Maalim," Asuman akauliza, mikono imekunjwa, "hiyo si ndiyo riba yenyewe?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kama anavyouliza Alhamisi, apate kujua.

"Ndiyo yenyewe," alisema Maalim. "Twende."

Walipanda mlima hadi karibu na duka la vipuri. Maalim alianza kuomba msamaha, akasema atawaita wale wanne wengine, atawaeleza. Asuman akaitikia kila neno. Kisha akasema, akitazama chini, "Mimi sikuuliza benki, Maalim. Nilikuuliza wewe." Hapo hapo akaona amesema kubwa, mtu wa watu, akatafuta cha kumfariji. "Jjajja mwambie ni viza. Viza hukwama kila siku. Hakuna atakayeuliza zaidi."

Maalim alilishika neno hilo njia nzima, kama mtu anavyoshika nauli mkononi.

Bi Salme alikuwa kitandani amekaa, begi dogo pembeni yake. Sundus, aliyerudi kutoka chuo kikuu kumuaga bibi yake, alikuwa akimkunjia nguo nyeupe. Maalim akasimama mlangoni. Alitaka Sundus atoke, lakini hakujua amtumie nini.

"Mama, safari imekwama."

Mama akamtazama kwa jicho lile zima. "Viza?"

"Ndiyo," alisema. "Viza."

Sundus akaacha kukunja. Alimtazama baba yake, kisha akatazama kitambaa kilicho mikononi mwake.

"Viza imetoka juzi," mama alisema. "Sundus alinionyesha kwa simu. Iko na picha yangu."

Aibu ya benki Maalim alidhani ndiyo aibu. Sasa alijua ile ilikuwa ya watu wasiomjua. Alikuwa amemdanganya mama yake aliyekaa kando ya nguo za kwenda Makka, na amedakwa kama mtoto aliyelamba sukari. Akaketi sakafuni, kanzu iliyopigwa pasi na yote, akasema kila kitu. Alisema kadi, ada, riba, maili zilizofutwa. Alisema simu, na msichana, na piri. Alisema hata kile alichokuwa akifikiri Travis alipompa mkopo, ambacho hakuna aliyemlazimisha kukisema. Sundus alilia kimya. Mama hakulia.

"Wanasema walileta barua," Maalim alimaliza. "Sikuiona. Wallahi, Mama, hiyo sikuiona."

"Balua ilikuja," mama alisema.

Maalim akainua kichwa, na mdomo wake, kwa mazoea ya miaka, ukajipanga kusema. Akauziba kwa kiganja.

Mama alikiona kile kiganja. Akasubiri, kuhakikisha kwamba kimekaa, kisha akasema, na Maalim hakuwahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mara moja.

"Ilikuja wakati ya mvua. Sundus alinisomea. Alisema benki inataka pesa ya mwaka, na usipolipa utapoteza ile ya ndege. Alitaka kukungoja, mimi nikamwambia nenda chuo, mimi nitamwambia baba yako. Jioni ukaja na wageni wako. Nikakuita. Nikasema, Mahmoud, kuna balua ya benki. Ukasema, barua, Mama. Barua. Wale wageni wakacheka kidogo, si vibaya, kidogo tu. Nikaenda jikoni. Kesho yake nikajaribu tena, nikasema ire balua, ukasema tena. Nikaona, ah, wacha. Mtu mwenye masomo kama huyu, benki yake anaijua." Akanyoosha shuka kwa mkono. "Si siku hiyo peke yake. Wewe ulikuwa na miaka tisa, nikasema safali mbere ya baba yako na kaka zake, ukanicheka. Baba yako alicheka pia. Tangu siku hiyo wageni wakija mimi nakaa jikoni. Watu wanasema Salme hana maneno. Maneno ninayo, Mahmoud. Naogopa kukuaibisha."

Miaka yote Maalim alidhani mama yake ni mpole kwa tabia. Alikuwa amejisifu nayo, upole wa mama yake, kwenye darsa, akiutolea mfano kwa wanawake wa watu. Akatambaa hadi miguuni pake, mtu mzima wa ndevu nyeupe, akaomba radhi, na safari hii hakuwa na haraka ya kwenda dukani.

Mama alimwekea mkono kichwani. Lakini hakusema amesamehe. Alisema, "Makka ni ya Mungu, akitaka nitaiona, kwa pesa yenye haina doa. Kesho asubuhi tutazunguka. Nirisema kwa watu naenda. Sasa watu lazima wajue siendi."

"Nitakwenda mwenyewe, Mama. Wewe pumzika."

"Tutaenda wote. Wewe utasema. Mimi nitasimama nisikie kama ni viza."

Asubuhi walitoka. Mama alichagua pa kuanzia, na alianza kwa Akullo. Muuza mkaa alikuwa akipanga madebe yake, akamwona mzee na fimbo, akafurahi.

"Jjajja! Hujaenda bado? Au umekuja kuniaga tena, tulie tena?"

Bi Salme akageuka, akamtazama mwanawe.

"Mama haendi," Maalim alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akaanza upya. "Haendi kwa sababu yangu. Tiketi imepotea."

"Benki imekula?"

Hata hapo njia ilikuwa wazi. Ni nani mtaani asingeamini kwamba benki imekula? Maalim akamwona mama yake ameegemea fimbo, ametulia, anasikiliza.

"Benki iliniambia. Msichana wao alitaka kunieleza masharti, nikamkatiza nimrekebishe Kiswahili. Mama naye akataka kuniambia, hapo nyumbani. Naye nikamkatiza."

Akullo alikuwa na debe mkononi. Alimtazama Maalim, ambaye alikuwa amemsomesha yeye mwenyewe mara nyingi mbele ya wateja wake, neno kwa neno, kuhusu mkaa wake wa "shiringi". Maalim alisubiri acheke. Alitamani acheke, ingekuwa nafuu. Akullo aliweka debe chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akampita kana kwamba hayupo, akamshika Bi Salme mabega.

"Sasa wewe, Jjajja," alisema, "ulikuwa unataka kumwambia nini huyu?"

Akamvutia kigoda. Mama akaketi, akaanza kueleza, kwa Kiswahili chake, tangu mwanzo, na Maalim akasimama pembeni juani hadi alipomaliza.